Watu 10, gari 2, handaki 1: Jumamosi tuliyoimalizia kwenye I-70

Saa 3 kamili asubuhi, Jumamosi, wikiendi ya Siku ya Marais, ile sikukuu ya Marekani ya Jumatatu ya 3 ya Februari, tupo Idaho Springs, mji mdogo hapa Colorado, na watoto wawili wanataka choo. Tumetoka Aurora, jirani na Denver, saa 1:20 na mpango ulikuwa saa 4 kamili watoto wawe wameshavaa mabuti, wamesimama mbele ya mwalimu wa skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, kule Breckenridge. Hapo tulipo hatujafika hata nusu ya njia. Na mi ndo niliyepanga hii safari, mi ndo nilimwambia dada yangu na shemeji na wageni wao waliotoka Moshi kwamba "ni mwendo wa saa 2 tu, tutafika mapema", kwa hiyo acha nieleze yote ilivyokwenda, maana nimeulizwa sana na watu wa hapa wanaotaka kuwapeleka watoto na nadhani kisa chetu kina kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya kwenye hii barabara.

Kwanza muielewe barabara yenyewe, bila hiyo hamna kitakachoeleweka. Ukiwa Denver au Aurora na unataka kwenda kwenye milima mikubwa ya skii upande wa magharibi, Keystone, Breckenridge, Copper Mountain, Vail, njia ni moja, barabara kuu ya I-70. Sio kwamba ni njia bora kuliko zingine, ni kwamba karibu hamna nyingine. Inapanda kutoka Denver, inapita Floyd Hill, inashuka Idaho Springs, inafuata korongo hadi Georgetown na Silver Plume, halafu inapanda hadi kwenye handaki la Eisenhower ambalo lipo kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa sisi tuliokulia Moshi, hiyo ni juu kuliko kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro na sio mbali sana na Horombo, alafu gari zinapita hapo kila siku kama vile ni kawaida. Bomba la kwanza la handaki lilifunguliwa 1973, la pili 1979, kila moja lina leni 2. Leni 2 za kwenda, leni 2 za kurudi, na mji mzima wa Denver unataka kupita hapo Jumamosi asubuhi kati ya saa 12 na saa 4.

Na kabla hujafika handaki kuna pa kubanwa pengine. Pale juu ya Floyd Hill leni 3 za kwenda magharibi zinakuwa 2. Wamekuwa wakijenga tangu 2023 kuongeza leni ya 3 upande huo, kazi kubwa kweli, lakini siku yetu leni zilikuwa 2. Leni moja ya barabara kuu ikienda vizuri inapitisha gari kama 2,000 kwa saa. Zikija zaidi ya hapo, sio kwamba zinapita polepole kidogo, mtiririko unavunjika kabisa, simama-nenda, simama-nenda, na ikishavunjika inapitisha gari chache kuliko mwanzo. Ndo maana dakika 30 za kuchelewa kutoka nyumbani zinaweza kukugharimu saa 2 mbele ya safari.

Sasa ratiba ilivyokwenda. Tulipanga kutoka saa 12 kamili. Tulikuwa 10, mi na gari yangu ya 4x4 nimebeba wanne, jumla watano, na shemeji na minivani ya kukodi, nayo watu watano. Saa 12 mgeni mmoja hana glovu. Tukatafuta glovu. Saa 12:40 mamdogo akasema watoto hawawezi kusafiri na njaa, chai ikachemshwa, na kwa kweli huwezi kumkatalia mamdogo chai. Saa 1:20 ndo tukatoka. Saa 2:05 tuko Floyd Hill na foleni tunaiona kuanzia juu, taa nyekundu za breki mpaka zinapotelea kwenye kona kule chini. Kutoka hapo hadi Idaho Springs ni kama kilomita 10 tu. Tulitumia dakika 55.

Choo cha Idaho Springs kikatula dakika 35, na nyingi kati ya hizo hatukuwa chooni, tulikuwa kwenye mstari wa kurudi barabarani, maana kila mtu ameshuka kwa sababu hiyo hiyo na njia ya kuingia I-70 imeziba. Hili nalisisitiza kwa wenye watoto: ukishatoka kwenye foleni pale, kurudi ni foleni nyingine mpya. Choo kimalizike Denver, na asubuhi hiyo mtoto apewe maji kidogo kidogo tu, atakunywa vizuri akifika.

Saa 4:20 tupo Georgetown. Darasa la watoto limeshaanza dakika 20 zilizopita na tulishalipia, na masharti ya kutorudishiwa pesa yaliandikwa wazi tangu mwanzo, hamna wa kumlaumu hapo zaidi ya mimi. Theluji ikaanza, sio nyingi, ile laini inayotembea juu ya lami kama vumbi. Kutoka Georgetown kwenda Silver Plume barabara inapanda kwa nguvu kwa kilomita chache. Hapo simu ikalia.

"Kaka, hii gari inateleza. Nakanyaga mafuta inazunguka tu."

Nikamwambia, "Shemeji, toa mguu taratibu, usifunge breki, sogea pembeni kulia." Akafika pembeni lakini nusu ya gari ilibaki kwenye leni, na nyuma yake kila mtu akawa anambananisha kupita kushoto. Dakika kama 10 hivi leni moja kati ya mbili ilikuwa imezibwa na familia yangu. Nikiwaza watu wote waliokaa nyuma yetu siku hiyo bila kujua tatizo ni nini, nawaonea huruma mpaka leo, manake tatizo lilikuwa sisi.

Nikashuka kwenda kuangalia tairi. Zilikuwa zimeisha. Zina mistari bado, sio kipara, lakini kwa huku hazifai. Hapa Colorado kuna sheria kwa hii sehemu ya I-70, kutoka Morrison chini hadi Dotsero huko magharibi, kila mwaka kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei: gari ndogo lazima iwe na tairi za theluji au zenye alama ya M+S, yaani matope na theluji, au iwe inaendeshwa na magurudumu yote manne, na vyovyote iwavyo kina cha mistari kisipungue 3/16 ya inchi, kama milimita 5 hivi. Kama huna, uwe na cheni au kifaa mbadala cha kufunga kwenye tairi. Gari ikiziba barabara bila kutimiza hayo faini inaweza kupita dola 650. Hatukupigwa faini, lakini sijioni kama mtu aliyepona, najiona kama mtu aliyewaweka mamdogo na watoto kwenye mteremko wenye malori na tairi zilizokwisha. Kampuni ya kukodisha ilitupa gari yenye ufunguo na tabasamu, hakuna aliyetaja tairi, ila na mi sikuuliza. Nilipita Kitonga mara nyingi utotoni, kwenye basi la kwenda Iringa, nikiona malori yamekwama na mawe yamewekwa nyuma ya matairi. Ningepaswa kujua kwamba mlima unaangalia tairi kabla ya kumwangalia dereva.

Tukakubaliana shemeji asonge taratibu hadi njia ya kutokea Silver Plume, ageuze, arudi nyumbani. Mi niendelee na wangu. Ilikuwa saa 5 kamili.

Sehemu iliyobaki ndo iliyonifungua macho. Kutoka Silver Plume hadi handaki ni kama kilomita 16, tukaenda dakika 45 na zaidi. Saa 6 tukasimamishwa kabisa mbele ya handaki, gari zote, injini zinanguruma, hamna anayesogea. Sababu: malori ya mafuta na kemikali hayaruhusiwi kupita handakini kwa kawaida, yanapanda juu kwa barabara ya Loveland Pass, US 6. Lakini dhoruba ikifunga Loveland Pass hayana pa kwenda, kwa hiyo kila saa ikigonga handaki linafungwa kwa gari zingine zote, malori yanapitishwa kwa pamoja yakisindikizwa, ndo wengine mnafunguliwa. Kumbe kuna mantiki kubwa, ukifikiria moto wa lori la petroli ndani ya bomba la kilomita 2.7 unaelewa. Ila kama ningejua ningeelewa pia kwamba siku ya dhoruba usifike pale dakika 5 kabla ya saa.

Tukiwa tumesimama hapo simu ikalia tena. Shemeji. Amefika Aurora. Kashusha watoto, chai iko jikoni, mamdogo ameshalala. Kutoka Silver Plume mpaka nyumbani saa 1 na robo, barabara nyeupe, upande wake hamna mtu. Mi nilikuwa sijaingia hata handakini.

Tulifika mjini Breckenridge saa 7:20 mchana. Pakingi ya mbali, basi la kutupeleka, mstari wa kukodi mabuti, mpaka watoto wanakanyaga theluji ni saa 8:15. Lifti, zile zinazowapandisha watu mlimani, zinafungwa saa 10. Mpwa wangu wa miaka 9 alianguka mara nyingi sana, akacheka kila mara, na saa 10 walipomwambia basi akalia. Hicho kilio sikisahau, maana hakikuwa cha ukorofi, mtoto alisubiri tangu Krismasi.

Kurudi tulianza saa 10:30 jioni tukafika saa 2:15 usiku. Upande wa magharibi wa handaki kuna taa, foleni ikirudi nyuma kutoka huku chini wanazuia gari zisiingie, wanaziachia kwa vipande, ili msijazane ndani ya handaki mkasimama. Kwa hiyo unakaa juu kwenye baridi unasubiri shida ambayo ipo kilomita nyingi mbele yako, pale Empire ambapo watu wa Winter Park, mlima mwingine wa skii, wanaotelemka na barabara ya US 40 wanaingia kwenye barabara hiyo hiyo. Jumla kwenye gari karibu saa 10, kwenye theluji saa 1 na dakika 45.

Nilipowahadithia watu, kila mmoja alisema kosa ni lile la kutoka saa 1:20. Ni kweli tulichelewa, lakini mi sikubali kwamba hilo ndo kosa lenyewe. Nimekaa nikapiga hesabu: hata tungetoka saa 12, siku ile, wikiendi ile, na theluji ile, tungefika labda saa 4 na nusu, na shemeji angeteleza vile vile. Kosa lilifanyika Jumatano usiku, kwenye meza, tulipofungua simu tukaanza kuchagua mlima kwa picha. Breckenridge mji mzuri, nyumba za rangi, taa, wageni wataipenda. Hatukuuliza mlima upo upande gani wa handaki. Hatukuuliza kundi letu lina nini: watoto wanaoanza, mama mtu mzima, gari moja isiyo yetu, siku moja tu. Watu wanaoanza wanahitaji kilima kidogo chenye mteremko mpole, na hicho kipo hata kabla ya handaki. Tulivuka foleni yote ya Colorado kwenda kutafuta kitu ambacho tulikipita njiani.

Nyumbani hili tunalijua vizuri mbona. Desemba Wachagga wote wa Dar wanapanda kwenda Moshi, barabara moja, mabasi yamejaa, nauli juu, na kila mwaka kuna mtu anayeondoka tarehe 23 asubuhi anashangaa Chalinze imesimama. Wazee wanaondoka tarehe 17, au wanasubiri usiku. Hawaanzi na swali la tutakula nini tukifika, wanaanza na barabara, alafu mengine yanafuata. Mi nilikuja huku nikasahau hiyo akili, nikadhani kwa sababu lami ni nzuri na alama zipo basi barabara itanisubiri.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini foleni ya I-70 isiwe imeshatatuliwa, nchi tajiri hii. Jibu fupi ni kwamba korongo ni jembamba, mto upo, miji ipo, mwamba upo, huwezi kuongeza leni kirahisi. Walichofanya ni kuitumia ile sehemu ya pembeni ya barabara kama leni ya kulipia wakati wa msongamano tu, upande wa kurudi mashariki ilifunguliwa 2015, wa kwenda magharibi 2021, kati ya maeneo ya Empire na Idaho Springs. Bei inapanda na kushuka kufuatana na foleni, na kama huna kile kifaa cha malipo bili inakuja kwa posta ikiwa kubwa zaidi. Halafu gari zimeongezeka, Denver imekua, na zile pasi za msimu mzima zinazofungua milima mingi kwa bei moja zimefanya watu wapande mara nyingi. Arapahoe Basin, mlima uliopo ng'ambo ya Loveland Pass, waliachana na pasi moja kubwa ya aina hiyo 2019 kwa sababu pakingi ilikuwa inawazidia. Kwa hiyo hata ukifika kuna suala la pa kuweka gari, baadhi ya milima siku hizi inataka uhifadhi nafasi kabla.

Mwezi mmoja baadaye, katikati ya Machi, tukajaribu tena kabla wageni hawajaondoka. Watu wale wale 10. Safari hii karatasi ilianza na handaki katikati, nikaandika kushoto milima ya ng'ambo, kulia milima ya huku. Ya huku ni Loveland, kama kilomita 115 kutoka kwetu, ipo mlangoni kabisa mwa handaki, yaani handaki lenyewe linapita chini ya huo mlima wa skii. Hamna mji wa picha, hamna hoteli pale. Ila wana sehemu yao ya wanaoanza, Loveland Valley, iko peke yake pembeni, watoto hawapitiwi na watu wa kasi. Kwa kundi letu hiyo ilikuwa bora kuliko taa zote za Breckenridge.

Tukachagua Jumapili, maana Jumapili asubuhi kwenda ni nafuu kuliko Jumamosi, shida ya Jumapili ni kurudi, kuanzia mchana mpaka usiku wote waliolala huko juu wanashuka pamoja. Kwa hiyo mpango ulikuwa kurudi saa 6:30 mchana hata kama mtu analia. Mamdogo alikuwa hataki tukose ibada, tukakubaliana ya jioni. Glovu zilihesabiwa Ijumaa. Minivani tuliachana nayo, rafiki akatuazima gari yake ya magurudumu manne na nilipima tairi mwenyewe kwa kipimo cha dola chache cha dukani. Chai ikapikwa usiku ikawekwa kwenye chupa pamoja na maandazi, na usiku huo pia nikaangalia COtrip, ile huduma ya idara ya barabara ya jimbo, kuona hali ya hewa na kufungwa kwa njia. Sio kitu cha kupuuza, mwanzoni mwa Machi 2019 poromoko la theluji lilishuka mpaka kwenye I-70 yenyewe karibu na Copper Mountain, kwa hiyo neno "imefungwa" huku linamaanisha imefungwa kweli.

Tukatoka saa 11 alfajiri. Floyd Hill ilikuwa giza na gari zinatembea. Saa 12:10 tulikuwa tumeshapaki, nafasi ya mbele kabisa. Ndio, tulisubiri zaidi ya saa 2 lifti zianze, watoto wakalala kwenye viti wamefunikwa blanketi, mamdogo akagawa chai, na jua likapanda likagusa ncha za milima kwanza kabla ya kutufikia sisi. Yeye alitazama muda mrefu akasema, "Hii inafanana na Kibo ya asubuhi." Mgeni mmoja aliumwa kichwa, mwinuko ule sio mchezo, tukampa maji akakaa ndani. Watoto waliskii kuanzia darasa lilipoanza mpaka saa 6 na ushee, mpwa wangu akashuka kile kilima kidogo mara ya mwisho bila kuanguka.

Saa 6:30 tukaingia barabarani. Uzuri wa kuwa upande huu wa handaki ni kwamba zile taa za kuzuia gari zipo nyuma yako, ng'ambo, kwa hiyo unaanza ukiwa mbele ya umati. Empire palikuwa pameanza kuwa pazito, nikalipia leni ya pembeni hadi Idaho Springs na sikuijutia hata senti. Saa 8 kamili tuko Aurora. Kwenye gari saa 2 na dakika 40 kwenda na kurudi.

Kwa wasio na gari inayofaa, na wapo wengi kwenye jamii yetu hapa, msikodi tu chochote. Kuna basi la Snowstang lililoanza Desemba 2019, linatoka Union Station ya Denver wikiendi za msimu na Loveland ni mojawapo ya vituo vyake. Litakaa kwenye foleni ile ile lakini unalala, na dereva ni wa kazi hiyo. Na kuna treni ya Winter Park Express kutoka hapo hapo Union Station, inapita handaki la Moffat la mwaka 1928, karibu kilomita 10 chini ya mlima, inakushusha karibu kabisa na lifti. Hiyo haigusi I-70 kabisa. Tiketi zake zinapanda bei kadiri siku inavyokaribia, nunua mapema.

Breckenridge bado watoto wanaitaka, na sikuwaambia hapana. Msimu ujao dada na shemeji wanachukua chumba Frisco, ng'ambo ya handaki, wanapanda Jumatano usiku na wanashuka Ijumaa asubuhi wakati Denver yote bado iko kazini. Shemeji ameshaweka oda ya tairi za theluji, zinafungwa Oktoba.